Kilembwe: Pombe inayofukuza usingizi, na funzo kutoka kwa divai ya watawa wa Buckfast

Jua linapozama Kilembwe, katika sekta ya Lulenge, teritwari ya Fizi, wachimbaji wanarudi kutoka karee za dhahabu wakiwa na matope hadi magotini. Motari wanaegesha pikipiki zao pembeni ya barabara. Kwenye meza za nganda kuna vinywaji ambavyo kila mtu hapa anavijua: kasiksi ya ndizi, kanyanga ndani ya chupa za maji zilizotumika, na Primus siku ambazo gari limeweza kufika.

Lakini kuna mchanganyiko mwingine ambao vijana wengi wa machimbo na wa pikipiki wanaupenda siku hizi. Unafungua kopo la energi, unapunguza kidogo, unamimina ndani yake sashe moja au mbili za pombe kali. Wanaousifu wanasema faida yake ni moja: unalewa, lakini usingizi hauji. Mtu anaweza kucheza hadi usiku wa manane, kisha alfajiri akashuka shimoni au akapakia abiria kuelekea Lubondja.

Wazee wanaona ni jambo jipya lililoletwa na simu na muziki. Wachungaji wanasema ni kazi ya shetani. Ukweli ni kwamba mchanganyiko wa pombe na kafeini, yaani ile dawa ya asili iliyo ndani ya kahawa na chai, una historia ndefu. Na kisa chake kinachojulikana zaidi duniani hakikuanzia kwenye nganda. Kilianzia kwenye nyumba ya watawa wa Kikatoliki.

Divai ya watawa

Kusini-magharibi mwa Uingereza, katika eneo la Devon, kuna abasia ya Wabenedikto inayoitwa Buckfast. Mwaka 1882 watawa waliofukuzwa Ufaransa walifika mahali hapo na kuanza kujenga upya makao ya kale yaliyokuwa magofu. Kabla karne ya 19 haijaisha, walikuwa tayari wanatengeneza divai tamu waliyoiita "tonic", maana yake kinywaji cha kutia mwili nguvu. Waliiuza kama dawa: vikombe vidogo vitatu kwa siku, kwa afya njema na damu iliyochangamka.

Wakati ule hilo halikumshangaza mtu. Huko Ulaya divai zilizochanganywa na dawa zilikuwa jambo la kawaida. Mfaransa Angelo Mariani alikuwa anauza divai iliyotiwa majani ya koka, mmea unaotoa kokeini, na Papa Leo XIII mwenyewe aliipenda hata akampa Mariani nishani ya dhahabu. Kwa watu wa enzi ile, divai yenye kitu cha kuchangamsha ndani yake ilikuwa ya farmasi zaidi kuliko ya baa.

Mwaka 1927 abasia ilipoteza leseni ya kujiuzia divai yake. Kampuni ya wafanyabiashara wa divai ikachukua usambazaji, na hapo ndipo Buckfast ilipotoka kwenye kabati la dawa na kuingia mtaani. Watawa waliendelea kutengeneza, mfanyabiashara akawa anauza. Mpangilio huo upo mpaka leo.

Chupa ya Buckfast inayouzwa Uingereza ina mililita 750. Nguvu yake ni asilimia 15 ya alikoli, na kafeini ni miligramu 37.5 kwa kila mililita 100. Tuiweke katika vipimo vya kwetu. Chupa kubwa ya Primus ni sentilita 72 zenye alikoli ya asilimia 5 hivi. Kwa hiyo chupa moja ya divai hii ni sawa na Primus kubwa tatu, na juu yake vikombe karibu vitatu vya kahawa nzito. Yote hayo ni matamu kama sharubati, na yanakwisha haraka.

Kutoka altareni hadi barabarani

Jambo la ajabu ni kwamba Buckfast haikupata jina mahali inapotengenezwa. Ilipata jina mbali sana kaskazini, Scotland, hasa katika miji ya Lanarkshire kama Coatbridge na Airdrie, na pia katika miji ya Ireland ya Kaskazini kama Lurgan. Ni maeneo yaliyoishi kwa viwanda na migodi. Viwanda vilipofungwa, vijana walibaki bila kazi. Divai ya watawa ikawa kinywaji chao, wakaipa jina la utani "Buckie". Wanaitania, wanaivalia fulana, wanaisherehekea kwa siku yake maalumu kila mwaka mwezi wa tano. Mtu akitaka kumdharau kijana wa mitaa ya maskini, anasema: huyu ni mtu wa Buckfast. Na kijana naye akitaka kujivunia mtaa wake, anasema maneno hayo hayo.

Hapo ndipo siasa ilipoingia. Mwaka 2005 waziri wa sheria wa Scotland, Cathy Jamieson, aliwataka wauza maduka waache kuuza divai hiyo. Alipotembelea mji wa Auchinleck, vijana walimzunguka wakiimba kuitetea Buckfast isipigwe marufuku. Mwaka uliofuata kiongozi wa serikali, Jack McConnell, alisema kwamba kwa baadhi ya watu chupa hiyo imekuwa alama ya kujivunia utukutu. Kila hotuba ilikuwa tangazo la bure. Kinywaji kilichokuwa cha mitaa michache kikajulikana nchi nzima.

Takwimu nazo zilikuwa nzito. Mwaka 2010 shirika la utangazaji BBC lilipata rekodi za polisi wa eneo la Strathclyde zilizoonyesha kwamba kati ya 2006 na 2009 Buckfast ilitajwa katika ripoti 5,638 za uhalifu. Katika ripoti 114, chupa yenyewe ndiyo iliyotumika kama silaha. Uchunguzi mwingine wa 2007 katika gereza la vijana la Polmont ulionyesha kwamba kati ya wafungwa waliokuwa wamekunywa kabla ya kosa lao, zaidi ya asilimia 40 walikuwa wamekunywa Buckfast. Na hii ni divai ambayo mauzo yake hayafiki hata asilimia moja ya pombe yote inayouzwa Scotland.

Watetezi wake walijibu kwa hoja ambayo hatuwezi kuitupa tu. Walisema chupa haimtumi mtu kupiga. Walisema katika mitaa ile umaskini ulikuwepo kabla ya divai, na kwamba matajiri wanakunywa whiski nyingi zaidi bila kuandikwa na polisi. Walisema ni rahisi kwa waziri kulaumu chupa moja kuliko kueleza kwa nini vijana hawana kazi.

Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, na ndiyo maana mjadala huo unatufaa sisi wa Fizi.

Kafeini inafanya nini hasa

Tuanze na mwili. Mtu anapofanya kazi mchana kutwa, ndani ya ubongo inajikusanya kemikali inayoitwa adenosini. Ndiyo inayomwambia mtu kwamba amechoka, alale. Kafeini inakwenda kukaa mahali ambapo adenosini ingekaa. Uchovu haujaondoka, ujumbe wake tu ndio umezuiwa njiani.

Pombe kwa kawaida inamlaza mlevi. Usingizi huo ni kinga. Mtu aliyelala hawezi kuendelea kunywa, hawezi kupigana, hawezi kuendesha pikipiki. Kafeini inaivunja kinga hiyo. Anayekunywa vyote viwili anajiona yuko macho, anajiona ana akili timamu, lakini mkono wake ni mzito na macho yake yanakosea kupima umbali, sawa kabisa na mlevi mwingine yeyote. Kafeini haipunguzi pombe iliyo ndani ya damu hata kwa tone moja.

Ndiyo sababu mnamo Novemba 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziandikia kampuni nne, moja wapo ikiwa watengenezaji wa kinywaji kiitwacho Four Loko, kuziambia kwamba kafeini waliyoiongeza kwenye pombe si salama. Four Loko ilibidi iondolewe kafeini. Watawa wa Buckfast hawakuguswa na uamuzi huo, maana Uingereza haikuchukua njia ya Marekani.

Sasa turudi Kilembwe na kufanya hesabu. Wataalamu wa Uingereza wanapima pombe kwa yuniti, na yuniti moja ni mililita 10 za alikoli tupu. Chupa ya Buckfast ina yuniti 11 na kidogo. Chukua sashe tatu za mililita 100 zenye alikoli ya asilimia 40: hizo ni yuniti 12. Chukua makopo matatu ya energi ya mililita 250, yenye kafeini miligramu 32 kwa kila mililita 100, kiwango cha kawaida cha vinywaji hivyo: hizo ni miligramu 240, wakati chupa ya watawa ina 281. Kwa maneno mengine, kijana aliyemaliza sashe tatu na makopo matatu mezani amejitengenezea Buckfast yake mwenyewe, bila abasia na bila leseni.

Kuna hesabu nyingine ambayo motari wote wangepaswa kuijua. Ini la mtu mzima linasafisha takriban yuniti moja kwa saa. Aliyemaliza yuniti 12 saa nne za usiku bado atakuwa na pombe mwilini asubuhi yake, hata kama amelala, hata kama ameoga kwa maji baridi na kunywa chai. Abiria anayepanda pikipiki hiyo alfajiri, mama mwenye mtoto mgongoni anayekwenda hospitali au mfanyabiashara anayeteremka kwenda Baraka, amepanda na mlevi ambaye hayumbi. Kwenye barabara yetu, yenye mashimo, mito isiyo na madaraja imara na kona za mlima, huo ni mchezo wa hatari.

Si mara ya kwanza Fizi

Malalamiko kuhusu pombe katika milima hii si mageni. Mwaka 1965, Ernesto Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika na kufika Kibamba kuwasaidia waasi wa wakati ule, aliandika kwa uchungu kuhusu makamanda waliopoteza siku zao kwa kunywa. Tangu wakati huo vita vimebadilisha majina mara nyingi, na kila kundi lenye silaha limepita kwenye nganda zile zile. Mtu mwenye bunduki akiwa amelewa na amelala ni shida ndogo. Mtu mwenye bunduki akiwa amelewa na yuko macho ni shida kubwa.

Makanisa nayo yamekuwa na sauti. Katika Fizi, Wapentekoste na Wamethodisti Huru, ambao hospitali yao ya Nundu inajulikana na kila mtu, wanawafundisha waumini wao waiache pombe kabisa. Waislamu wa Baraka vile vile. Kwa wengi wao, habari ya watawa wanaotengeneza divai inaweza kuonekana kama kashfa.

Kwa Wakatoliki mambo ni tofauti kidogo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya sita, inaruhusu mtawa kunywa kipimo kidogo cha divai kwa siku, na inamwonya asifike kwenye ulevi. Kanuni hiyo hiyo inataka watawa waishi kwa kazi ya mikono yao. Ndiyo maana nyumba nyingi za watawa zinauza jibini, asali, bia au divai. Hapa Kivu mfano tunao. Watrapisti wa Mokoto, kule Masisi, monasteri yao ilianzishwa mwaka 1954 na abasia ya Scourmont ya Ubelgiji. Hao wa Scourmont ndio wanaotengeneza bia maarufu ya Chimay tangu 1862. Lakini watawa wa Mokoto walijulikana kwa ng'ombe na jibini, mpaka vita vya Mei 1996 vilipowakimbiza, na wakimbizi waliojificha kwao wakauawa.

Kwa hiyo swali si kama mtu wa Mungu anaweza kugusa zabibu. Swali ni: kinywaji kikishatoka mlangoni na kumfikia mtu aliyevunjika moyo, nani anawajibika? Watrapisti wana alama yao ya pamoja kwenye bidhaa, inayotaka kazi ifanyike chini ya usimamizi wa watawa na faida isaidie monasteri na kazi za huruma. Kuhusu Buckfast, wakosoaji wameuliza kwa miaka mingi kwa nini abasia inapokea mamilioni ya pauni huku mitaa ya Scotland ikiokota vipande vya chupa. Watawa wamejibu kwamba divai yao inatengenezwa kwa kunywewa kwa kiasi. Na kwenye lebo ya leo imeandikwa wazi kwamba neno "tonic" halimaanishi kuwa kinywaji hicho kinaleta afya.

Ona basi tofauti yetu na wao. Buckfast ina anwani. Waziri anaweza kuilaumu, polisi wanaweza kuihesabu, mwandishi anaweza kubisha hodi. Sashe inayouzwa Kilembwe, mara nyingi, ukisoma maandishi yake huelewi ilitengenezwa wapi wala nani aliipima. Kanyanga haina lebo kabisa. Methanoli ikiingia ndani yake, kama ilivyotokea Kenya Mei 2014 ambapo makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka, hakuna wa kumwuliza.

Majirani wamejaribu nini

Kenya ilipitisha sheria mwaka 2010 iliyokataza pombe kali kuuzwa katika vifungashio chini ya mililita 250. Tanzania ilipiga marufuku viroba, kama wanavyoita sashe, kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uganda ikafuata mwaka 2019. Sababu ilikuwa ile ile kote: kifuko kidogo kinauzwa kwa bei ya mwanafunzi, kinafichwa mfukoni, na kinanywewa barabarani.

Kwetu Congo, amri za kukataza pombe hizi zimetolewa mara nyingi katika majimbo mbalimbali. Amri inasomwa redioni, wiki mbili polisi wanakamata, kisha sashe zinarudi kwenye vibanda. Ziwa ni refu, mipaka ina mianya mingi, na anayepaswa kukagua mara nyingi hana mshahara. Hali ya vita imezidisha. Juni 2025, kampuni ya Heineken, iliyokuwa mwenye Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa maeneo yake ya Bukavu na Goma. Bia ya kiwanda inapokuwa adimu na ghali, anayeshinda ni yule anayeuza kitu kidogo, kikali na rahisi.

Scotland yenyewe ilichagua njia nyingine: bei. Tangu tarehe 1 Mei 2018 pombe haiwezi kuuzwa chini ya senti 50 za pauni kwa kila yuniti, na tangu 30 Septemba 2024 kiwango ni senti 65. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na pombe vilipungua kwa asilimia 13.4. Cha kuchekesha ni kwamba sheria ilipoanza haikuigusa Buckfast. Kwa kiwango kile chupa isingepaswa kushuka chini ya pauni 5 na senti 63, nayo tayari ilikuwa inauzwa zaidi ya hapo. Kelele zote za miaka ile zilikuwa juu ya chupa moja, wakati waliokuwa wanakufa wengi walikuwa wanakunywa pombe ya bei ya chini ambayo hakuna aliyeiimbia wala kuitukana.

Hilo ndilo funzo la kwanza kwa Fizi. Tukimlaumu kijana na kopo lake peke yake, tutakuwa tumeangalia kile kinachoonekana tu. Kanyanga ya mama mjane anayesomesha watoto, sashe ya depo, energi ya dukani: kila moja inataka jibu lake.

Funzo la pili ni kwamba matusi hayasaidii. Vijana wa Auchinleck waliimba kwa sababu waliona waziri anawadharau wao, si divai. Kijana wa karee akiambiwa kila Jumapili kwamba ni mpotevu, atakunywa ili aonyeshe kwamba haogopi. Akiambiwa kwa hesabu kwamba pombe ya saa nne za usiku bado iko kwenye damu yake asubuhi, na kwamba energi imemficha tu asiione, huenda akasikiliza. Ni kazi ambayo chama cha motari, wauguzi wa kituo cha afya na redio zetu za kijamii wanaweza kuianza bila kusubiri Kinshasa.

Funzo la tatu ni kuhesabu. Mjadala wa Scotland ulikuwa na maana kwa sababu polisi waliandika jina la kinywaji kwenye ripoti. Hapa kwetu ajali ya pikipiki inaandikwa "ajali", na kama haikuua haiandikwi kabisa. Kituo cha afya kikiongeza swali moja tu kwenye daftari lake, "alikuwa amekunywa nini?", baada ya mwaka mmoja viongozi wa sekta na shirika za raia watakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Na wenye nganda wana uwezo mkubwa kuliko wanavyodhani. Kutomuuzia mtoto, kutouza energi na sashe kwa pamoja kwa mteja mmoja, kumpikia mlevi ugali na sombe kabla ya kumwongezea, kumshikia motari ufunguo mpaka kesho: hakuna hata moja linalohitaji amri ya gavana.

Watawa wa Buckfast walianza na vikombe vidogo vitatu kwa siku. Hawakupanga kuwa wimbo wa vijana wasio na kazi. Lakini hakuna kinywaji kinachobaki mahali mtengenezaji alipokikusudia. Kinakwenda pale ambapo uchovu ni mwingi na matumaini ni machache. Kilembwe ina uchovu wa kutosha. Mtu aliyechimba mchana kutwa anastahili kulala, na usingizi wake tusikubali auze kwa bei ya kopo moja.